Mng'aro wa Feruzi

Ukimwona mtu amevaa pete ya feruzi, macho yako huvutwa na mambo mawili kwa pamoja: rangi ya samawati, mfano wa mbingu baada ya mvua, na mng'aro laini usio mkali kama wa kioo wala mfu kama wa udongo. Rangi hiyo ilitoka ardhini, lakini mng'aro ulitiwa na mkono wa mtu. Jiwe lilipotolewa mgodini lilikuwa kibonge kisicho na sura, limegandamana na mwamba wa kahawia, na uso wake umefifia kama chaki. Vitabu vya historia hutusimulia habari za wafalme waliolivaa na wakuu waliozikwa nalo. Ni mara chache hutuambia nani aliyekaa kitako akalisugua hata likang'aa. Nataka tufuatane, mimi nawe, tumtafute mtu huyo. Mara nyingi tutamkuta nyumbani kwake, ameketi sakafuni, mbele yake pana bamba la jiwe na bakuli la maji.

Kwanza yafaa tulijue jiwe lenyewe. Feruzi ni mchanganyiko wa shaba, alumini, fosfati na maji, ulioganda pole pole katika nyufa za miamba ya nchi kame. Shaba ndiyo itiayo rangi ya samawati. Chuma kikiingia ndani yake, rangi huelekea kijani. Wataalamu hupima ugumu wa mawe kwa kipimo cha vidato 10 kilichotungwa mwaka 1812 na Mjerumani mmoja, Friedrich Mohs. Almasi iko katika kidato cha 10, chembe za mchanga wa kwarzi katika kidato cha 7, na feruzi iko kati ya 5 na 6. Zikumbuke tarakimu hizi, kwa maana sehemu kubwa ya habari yetu imo ndani yake. Kwa kuwa mchanga ni mgumu kuliko feruzi, mtu yeyote mwenye bamba la jiwe la mchanga na maji kidogo aweza kuichonga na kuilainisha. Hahitaji chuma, wala almasi, wala karakana. Tena kwa kuwa feruzi ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, hunywa karibu kila kitu kiigusacho: mafuta, jasho, sabuni, marashi. Ni jiwe jepesi kulifanyia kazi, na jepesi vile vile kuliharibu.

Jina lake nalo limesafiri. Neno feruzi tumelipokea kutoka Uajemi kwa njia ya Kiarabu, na kwa Waajemi lilihusiana na ushindi. Watu wa Ulaya waliliita jiwe la Kituruki kwa sababu liliwafikia kupitia nchi ya Waturuki, ijapokuwa lilichimbwa Uajemi. Katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, Feruzi lilikuwa jina la mtu pia. Siku za utumwa, watu walionyang'anywa majina yao wenyewe walipewa majina ya vito: Feruzi, Almasi, Marjani. Tajiri alimwita mwenzake kwa jina la johari, kisha akamtuma kama punda.

Watu wa kwanza ambao kazi yao juu ya jiwe hili imeandikwa sana ni Wamisri wa kale. Walikwenda kuchimba feruzi katika rasi ya Sinai, mahali paitwapo Wadi Maghara na baadaye Serabit el-Khadim, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Huko Serabit, juu ya mlima mkavu, walimjengea hekalu mungu wao wa kike Hathor, waliyempa sifa ya Bibi wa Feruzi. Hata kabla ya hapo walikwisha kulijua jiwe hilo. Mwaka 1901, katika kaburi la mfalme Djer huko Abydos, wafanya kazi wa Mwingereza Flinders Petrie waliuona mkono uliofungwa katika sanda ya kitani, na juu yake bangili 4 zenye dhahabu na feruzi. Mfalme huyo aliishi yapata miaka 5,000 iliyopita.

Lakini Wamisri hao hao ndio waliotafuta pia njia ya mkato. Walichukua unga wa mchanga wa kwarzi, wakauchanganya na chokaa kidogo, magadi na vumbi la shaba, wakaufinyanga shanga na sanamu ndogo ndogo, kisha wakazitia motoni. Chumvi zile, zilizokwisha kupanda juu wakati wa kukauka, ziliyeyuka katika joto la tanuri, zikafanya utando mwembamba wa kioo wenye rangi ya samawati. Vitu hivyo vilipotoka tanurini vilikuwa vinang'aa tayari, bila ya mtu kuvisugua hata mara moja. Mimi siwalaumu. Hawakuwaambia watu kwamba ile ni feruzi; walitengeneza kitu kizuri kwa wale wasioweza kununua jiwe. Lakini tangu zamani hizo dunia imekuwa na ming'aro miwili ishindanayo, mmoja wa kusugua na mwingine wa kupaka, na ushindani huo tutaukuta tena mbele.

Uajemi nako kuna mengi, nami nitapita upesi. Migodi ya Nishapur imetoa feruzi kwa zaidi ya miaka 1,000, na mwanachuoni mkubwa al-Biruni, katika karne ya 11, aliandika kitabu kizima juu ya vito, na feruzi ni mojawapo. Mafundi wa mji wa Mashhad walilibandika jiwe juu ya kijiti kwa lakiri, wakalichonga kwa cherehe, wakalimalizia kwa ngozi laini. Pete zao zilivuka mpaka nchi za Ghuba, na zingali zikipendwa huko hata leo. Walakini kazi hiyo ilikuwa kazi ya soko na duka. Mtu wetu wa nyumbani hatumwoni vizuri hapo, kwa hiyo imetupasa kuvuka bahari mpaka upande mwingine wa dunia, katika nchi kavu ya Marekani iitwayo sasa New Mexico, ambako watu wasiopata kusikia habari za Misri wala za Uajemi walilipenda jiwe lile lile kwa mapenzi yale yale.

Katika bonde la Chaco kati ya miaka ya 850 na 1150 wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao wajukuu zao ni Wapueblo wa leo, walijenga majumba makubwa ya mawe. Kubwa na mashuhuri katika hayo laitwa Pueblo Bonito, nalo lilikuwa na vyumba zaidi ya 600. Mwaka 1896 mchimbuzi wa mambo ya kale George Pepper alifungua humo chumba kimoja kidogo, upana wake yapata mita 2 tu, alichokipa namba 33. Humo walikuwa wamezikwa watu 14, na pamoja nao maelfu kwa maelfu ya shanga na vipande vya feruzi. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba wamepima mabaki ya watu 9 katika hao, wakaona ya kuwa wote walikuwa wa ukoo mmoja kwa upande wa mama, waliozikwa humo kwa muda wa miaka kama 300.

Hapo ndipo wengi husimama wakashangaa utajiri wa wakubwa wale. Wewe, msomaji, usisimame hapo. Jiulize, nani aliyezing'arisha shanga zile? Jibu halikupatikana katika jumba kubwa peke yake. Lilipatikana pia katika nyumba ndogo zilizotapakaa bondeni, nyumba za watu wa kawaida. Ndani yake wachimbuzi waliokota vigae vya feruzi, shanga zilizopasuka kabla ya kumalizika, ncha ndogo za mawe magumu za kutobolea, na vibamba vya mawe ya mchanga vilivyolika kwa kusuguliwa. Watu hawa walilima mahindi katika nchi ya mvua chache; hawakuwa na chombo cha chuma, wala gurudumu, wala mnyama wa kubeba mzigo. Jiwe lenyewe lilitoka mbali. Jingine lilichimbwa katika vilima vya Cerrillos, zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo, na jingine mbali zaidi, hata Nevada. Lilifika juu ya migongo ya watu.

Fikiri basi juu ya ushanga mmoja tu, mdogo kama punje ya mtama. Kipande kilivunjwa kwa jiwe, kikasuguliwa pande mbili hata kikawa bapa. Kisha kikatobolewa katikati kwa kijiti chenye ncha ya jiwe gumu, kikizungushwa pole pole kwa viganja, maana haraka hapo ni hasara: feruzi hupasuka ghafula, na kazi ya asubuhi nzima hutupwa. Vile vipasuko walivyookota wachimbuzi sakafuni ni ushahidi wa asubuhi kama hizo. Shanga nyingi zilipokwisha kutobolewa zilitungwa katika uzi, zikavutwa pamoja juu ya bamba la jiwe lenye maji, huku na huku, hata pembe zote zikalika na mstari wote ukawa mviringo mmoja laini. Twarudi sasa kwenye tarakimu za Mohs: chembe za kwarzi za kidato cha 7 zilikula feruzi ya kidato cha 5 au 6, nayo haikuwa na uwezo wa kukataa. Aliyefanya kazi hiyo hakujua tarakimu, lakini vidole vyake vilijua.

Kazi hiyo haikufa Chaco ilipoachwa. Kando ya mto Rio Grande, kati ya miji ya Albuquerque na Santa Fe, kiko kijiji cha Wapueblo ambacho wageni walikiita Santo Domingo, na ambacho wenyewe mwaka 2009 walilirudisha rasmi jina lake la asili, Kewa. Migodi ya Cerrillos haiko mbali nao, na tangu kale waliiendea kwa miguu. Watu wa Kewa ni mafundi wa shanga, na karakana yao ni nyumba. Huyu huvunja, yule hutoboa, mwingine hutunga. Watoto hujifunza kwa kutazama na kuokota kilichoanguka. Kwa kutobolea walitumia keekee ya kusukuma, ambayo ni kijiti cha wima chenye kigurudumu na ubao mdogo uliofungwa kamba. Ubao ukishushwa kamba hujifungua na kijiti huzunguka, ukiinuliwa hujifunga tena. Kusugua kwenyewe kulibaki vile vile: bamba, maji, uzi wa shanga, na nguvu ya mabega.

Kisha ukaja wakati mbaya. Katika miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulianguka, wanunuzi wakawa wachache, na jiwe zuri likawa ghali kwa wanaolitengeneza. Watu wa Kewa hawakuketi wakalia. Walikusanya santuri zilizovunjika, makasha meusi ya betri za motokaa, vitana vya plastiki na jasi nyeupe, wakavikata, wakavibandika pamoja na vipande vidogo vya feruzi walivyokuwa navyo, wakafanya mikufu yenye sura ya ndege. Wakaviuza kwa wasafiri kando ya barabara na kando ya reli kwa bei ndogo. Leo mikufu hiyo iliyofanywa kwa taka hutafutwa na matajiri, nao huilipia fedha nyingi. Waliokusanya yale makasha ya betri walihitaji fedha hizo mwaka 1935.

Jirani zao Wazuni walikwenda njia nyingine. Katika miaka ya 1870 walijifunza ufuaji wa fedha kutoka kwa Wanavajo, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wakipachika feruzi ndani ya fedha. Kazi ya kupachika yataka jiwe moja moja, tena lenye uso wa kungo, si mstari wa shanga. Basi lakiri na kijiti vikaingia nyumbani, na baada yake cherehe ya kuzungushwa kwa mkono, na mwishowe, umeme ulipofika, cherehe ya mota. Kazi ya siku ikawa kazi ya saa. Hapo pana jambo ambalo matangazo ya biashara hayalitaji. Bamba lenye maji halirushi vumbi. Cherehe kavu hulirusha mpaka darini, na mwamba unaoishika feruzi mara nyingi una kwarzi ndani yake. Vumbi la kwarzi likiingia mapafuni halitoki. Huyafanya mapafu kuwa magumu kidogo kidogo, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa. Karakana ikiwa ni jikoni au chumba cha kulala, anayevuta vumbi si fundi peke yake. Ni mama apikaye, na mtoto alalaye pembeni.

Yawezekana, msomaji, siku moja wewe nawe ukapata kipande cha feruzi ukataka kukipa mng'aro nyumbani. Nitakueleza, kwa kuwa historia ya kazi ya mikono haifahamiki vizuri mpaka mikono yenyewe iguse. Kibandike juu ya kijiti kwa lakiri, upate kukishika bila ya kujikwaruza vidole. Tafuta msasa wa kustahimili maji. (Hapo kumbuka ya kuwa mafundi wa mbao wa pwani yetu walitumia majani makavu ya mti uitwao msasa, na karatasi ya dukani imerithi jina la mti ule.) Anza na karatasi ya namba 220 kulipa jiwe sura, kisha 400, kisha 600, kisha 1,200. Jiwe na karatasi viwe vimelowa daima, maana maji hushika vumbi na kupoza joto. Jiwe likipata moto sana rangi yake hupauka. Kabla ya kubadili karatasi, lioshe jiwe, likaushe, ulitazame katika mwanga wa dirisha. Ukiona mkwaruzo mmoja wa karatasi iliyopita, rudi nyuma. Hapa ndipo wengi hushindwa: mkwaruzo uliouacha katika namba 400 hautaondoka kwa namba 1,200, utang'aa tu pamoja na jiwe na kukutazama milele. Mwisho chukua kipande cha ngozi kilichokazwa juu ya ubao, ukipake unga laini wa oksidi ya bati uliolowa maji kidogo, ukasugue bila ya kugandamiza sana. Kwa muda utaona si kitu. Kisha ghafula utaona dirisha zima ndani ya jiwe.

Ni nini kilichotokea? Hukupaka kitu chochote. Ulichofanya ni kubadili mikwaruzo mikubwa kwa midogo, na midogo kwa midogo zaidi, hata ikawa midogo mno isiweze tena kuutawanya mwanga. Mwanga ulioangukia jiwe bovu hurudi ovyo pande zote, nasi twaona uso mfu. Ulioangukia uso laini hurudi kwa pamoja, nasi twasema linang'aa. Lakini si kila feruzi itakubali. Feruzi nzuri iliyoshikamana hupokea mng'aro na kuudumisha. Ile laini kama chaki hubomoka chini ya kidole, na haina mng'aro wa kutoa hata ungeisugua mwaka mzima.

Na feruzi ya chaki ndiyo iliyo nyingi duniani. Hapo ndipo mng'aro wa kupaka ulipopata soko lake. Zamani wafanya biashara walilichovya jiwe katika mafuta au nta, likaonekana la rangi nzito na lenye kung'aa, hata mnunuzi alipofika kwake likaanza kupauka. Tangu miaka ya 1950 wamejua kulijaza jiwe gundi ya plastiki, iingiayo katika vitundu vyote na kuganda humo. Chaki ikawa ngumu, ikakubali kukatwa na kung'arishwa. Sehemu kubwa ya feruzi iuzwayo leo imetiwa dawa ya namna hii. Wengine hawahitaji hata hiyo: huchukua mawe meupe ya bei ndogo, huyachovya rangi ya samawati, na kuyaita feruzi. Kwa maoni yangu, gundi si dhambi ikiwa muuzaji asema wazi. Jiwe ambalo lingetupwa hupata kazi. Dhambi ni ukimya. Mama wa Kewa aliyevuta uzi wake juu ya bamba siku nyingi huketi sokoni, na meza ya pili pana mkufu unaofanana na wake, uliotoka kiwandani ng'ambo, kwa sehemu ndogo ya bei. Mgeni asiyejua atanunua upande gani?

Serikali ya Marekani iliunda baraza la kuulinda ufundi wa wenyeji mwaka 1935, na mwaka 1990 ikatunga sheria kali zaidi: mtu auzaye kitu kwa kudai uongo kwamba kimetengenezwa na wenyeji wa asili aweza kutozwa dola 250,000, au kufungwa miaka 5, kwa kosa la kwanza. Ziko kesi zilizohukumiwa. Lakini angalia kwamba sheria hiyo yahusu nani aliyekitengeneza kitu. Haimzuii mtu kuuza plastiki ya samawati bila ya kutaja kabila lolote. Hapo mnunuzi huachwa na macho yake mwenyewe.

Macho hayo yaweza kufundishwa kidogo. Rangi ya kuchovya hukusanyika katika nyufa, ikawa nzito kuliko mahali pengine. Mng'aro wa plastiki ni sawasawa mno, na jiwe lake huhisi vuguvugu likiguswa shavuni, hali feruzi halisi huhisi baridi. Tena jiwe lisilotiwa dawa hubadilika katika maisha ya mwenyewe, likinywa mafuta ya ngozi yake hata samawati ikaingia ukijani kidogo. Wanunuzi wa mjini huona huko ni kuharibika. Wazee wengi wa Kipueblo hawaoni hivyo.

Vitu alivyovitoa Pepper katika chumba namba 33 vimo katika makumbusho ya New York, mbali na bonde vilikotoka. Huko Kewa mikufu ya zamani ingali ikivaliwa katika ngoma za kijiji, na kila mvaaji anapocheza shanga husuguana ushanga kwa ushanga na kusugua shingo yake.